Kimya cha Hatua Mia na Sabini

Kuna watu hukusanya stempu, na kuna wanaokusanya paka wa mitaani mpaka majirani wakawachoka. Mwanamke mmoja, Juan Pei-shan, yeye alikusanya namna watu wanavyohesabu kimya. Usicheke. Kazi yake ilikuwa kupiga matoazi, ngoma na vyuma vya kila aina nyuma ya okestra, na mpiga matoazi, kama hujui, hulipwa zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kupiga. Wenzake wa fidla wanasugua tangu mwanzo hadi mwisho, jasho linawatoka. Yeye yuko nyuma kama mgeni aliyefika kabla ya chakula kuiva, anangoja zamu yake. Na zamu ikifika, ole wake aikose.

Muziki wao hukatwa vipande vidogo wanavyoviita hatua, kila hatua mapigo manne. Asiye na cha kupiga huzihesabu hatua hizo moja baada ya nyingine: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, mpaka afike kwake. Miaka kumi na minne Pei-shan alizunguka nchi ishirini na moja kwa kazi hiyo, leo Dresden, kesho Helsinki, keshokutwa yuko kwenye ndege ya Lisbon kumshikia nafasi mtu aliyevunjika mkono, na kila alipokwenda aliuliza swali lilelile: "Mwenzangu, wewe unahesabuje?" Mama mmoja wa Dresden alihamisha maharage kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Bwana mmoja wa Helsinki, mtu wa maneno matatu kwa siku, alihesabu kwa majina ya shangazi zake, nao walikuwa kumi na mmoja. Huko Busan, Korea, alimkuta mmoja anayehesabu kwa meno, ulimi unapita jino baada ya jino. Yote hayo aliyaandika daftarini. Alikuwa na namna thelathini na nne. Ya thelathini na tano ndiyo iliyomnyima usingizi, nayo ilikuwa ya Mwalimu Tu.

Sasa hapo Pei-shan alikuwa amerudi kwao Kaohsiung, mji wa bandari huko Taiwan. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, goti la mama yake lilikuwa limekataa ngazi za ghorofa ya nne, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuamka asubuhi asijue yuko mji gani. Okestra ya mji ilikuwa imempa msimu mmoja wa majaribio. Msimu ukiisha, wakuu saba wa sehemu za okestra wangeketi kumpigia kura, na ili abaki alihitaji kura tano. Akizipata, ana kiti mpaka astaafu. Akizikosa, anafunga sanduku na kurudi kungoja simu za watu waliovunjika mikono. Alikitaka kiti kile. Alikitaka mpaka akaanza kuota rangi ya kitambaa chake.

Mama yake hakuona ajabu yoyote katika jambo hilo.

"Kwa hiyo Jumapili unapiga mara ngapi?" alimuuliza asubuhi moja, wakinywa maziwa ya soya.

"Mara moja, Mama."

"Mara moja?"

"Simfonia nzima, dakika sabini, matoazi yanapigwa mara moja tu. Katikati ya sehemu ya pili, baada ya hatua mia na sabini za kimya."

"A-shan," mama akamwita kwa jina la utotoni, akaweka bakuli chini. "Nimekusomesha Ulaya miaka yote ile ukajifunze kugonga vifuniko vya sufuria mara moja?"

"Ukigonga mahali pasipostahili, Mama, mji mzima unajua."

"Basi gonga panapostahili. Mtoto wa Bi Keh wa chini huku ni daktari wa meno, na yeye hugonga kutwa nzima."

Turudi kwa Mwalimu Tu. Pale kila mwanamuziki huitwa mwalimu, hata asiyewahi kumfundisha mtu kitu. Tu Chin-fa alikuwa mkuu wa sehemu ya ngoma na vyuma, miaka sitini na nne, tumbo dogo la heshima, nywele zimepakwa rangi nyeusi kuliko alivyozaliwa nazo. Miaka thelathini na moja alikuwa amekaa huko nyuma, na watu waliapa kwamba hajawahi kukosea kuingia. Si mara moja! Na hakuhesabu. Pei-shan alimchungulia msimu mzima. Vidole havichezi. Midomo imetulia. Karatasi yake haina alama hata moja ya penseli. Alikaa tu kama mtu aliye barazani kwake, macho yamelegea, halafu pap! chuma chake kinalia pale pale panapotakiwa.

"Mwalimu, niambie tu," Pei-shan alikuwa akimbembeleza. "Unahesabu kwa nini? Kwa pumzi? Kwa mapigo ya moyo?"

"Nahesabu kwa tumbo," Tu alijibu. "Likinguruma napiga."

"Unanificha."

"Nakuficha ndiyo. Kuna shida?"

Mama yake alipoambiwa habari hiyo alisema, "Ukimchunguza sana bata, humli," akaendelea kumenya papai. Lakini Pei-shan ndivyo alivyoumbwa. Kitu akishafungiwa, hawezi kupita mlangoni bila kuchungulia tundu la ufunguo. Utotoni alifungua saa ya babu yake kutazama dakika zinakaa wapi.

Basi ikafika Jumamosi, siku ya mazoezi ya mwisho. Mwongozaji alikuwa Bwana Maeng, Mkorea mwembamba mwenye shati jeusi na subira fupi. Tangu siku ya kwanza aliwaambia watu wa nyuma waziwazi kwamba pale kwenye matoazi yeye hana mkono wa kuwapa, mikono yake yote miwili iko kwa fidla. "Nyinyi ni watu wazima," alisema. "Mtaingia wenyewe." Matoazi yalikuwa ya Pei-shan. Tu alikaa kulia kwake na chuma cha pembetatu, apige naye papo hapo, mlio mmoja mkubwa na mlio mmoja mwembamba juu yake.

Sehemu ya pili ikaanza. Pei-shan akaanza kuhesabu kama kawaida yake, vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza paja mmoja mmoja, kidole gumba kikifunga kila hatua ya tano. Kumi. Ishirini na tano. Hamsini. Alipofika tisini, shetani wa udadisi akamgusa bega. Haya ni mazoezi tu, alijiambia. Tu hakosei. Nikiacha kuhesabu sasa hivi nikamtazama yeye peke yake, nitamwona anafanya nini, na akiinua chuma chake nami nitainua matoazi yangu. Nani atajua?

Akafumba ngumi yake, akageuza shingo, akamkazia macho Mwalimu Tu.

Mwanzo hakuona kitu. Kisha aliona macho ya Tu hayakulegea hata kidogo. Yalikuwa yanatazama chini, upande wake. Yalikuwa yanatazama paja lake! Pei-shan akadhani ameangusha kitu, akatazama naye. Hakuna kitu. Akamtazama tena. Tu alikuwa ametoa jasho kwenye paji la uso. Akafanya ishara ndogo kwa kidevu, haraka, kama mtu anayemwambia mwenzake chakula kinaungua jikoni. Pei-shan hakuelewa. Huku mbele okestra inapanda, inapanda, fidla zinawaka, tarumbeta zinasimama, na jambo zima likafika kileleni, likakuta pale juu hapana mtu.

Watu themanini wakapiga kilele kitupu. Kishimo cha ukimya kikabaki mahali ambapo matoazi yangekaa. Bwana Maeng akashusha mikono polepole, na okestra nzima ikageuza vichwa nyuma.

"Huko nyuma," alisema, "mmetoka kidogo? Mlienda kununua chai?"

Mtu wa selo, ile fidla kubwa ya kushikwa magotini, alicheka. Pei-shan alihisi damu yote imempanda masikioni. Alimtazama Tu. Tu alikuwa anatazama dari, kwa makini sana, kama aliyetumwa kuikagua.

"Samahani," Pei-shan akasema. "Kosa langu."

Na Tu hakusema neno. Loo! Miaka thelathini na moja, nywele zimepakwa rangi, na hakusema neno.

Mwisho wa mazoezi Bi Fan Hsiu-ling alimngoja kando ya jukwaa. Huyu Bi Fan alikuwa mkuu wa viola, zile fidla za sauti nene kidogo, na ndiye mwenyekiti wa wale saba. Mwanamke mkavu, mkweli, viatu vyake havilii anapotembea.

"Kesho tukishapiga, tunakaa kukupigia kura," alisema. "Sipendi kuzunguka, nitakwambia ilivyo. Nne unazo. Wawili hawakutaki, hata ukipiga kwa mkono wa malaika. Yangu bado sijaitoa."

"Naelewa, Mwalimu Fan."

"Nilitaka kukupa. Unapiga vizuri, sijawahi kusikia matoazi masafi namna yako. Lakini mtu wa nyuma anayelala ni hatari kwetu sote. Kesho nitasikiliza." Akaenda zake, kimya kama paka.

Pei-shan alikwenda kwenye kibanda cha tambi nyuma ya jumba la muziki, akaagiza bakuli, akashindwa kula. Alikuwa na hasira ya kumtafuna mtu. Na mtu mwenyewe akaja! Mwalimu Tu akavuta stuli ya plastiki, akaketi mbele yake, akaweka mezani gilasi mbili za maziwa ya papai.

"Kunywa," alisema.

"Sinywi. Mwalimu, umeniacha nimeze aibu peke yangu! Msimu mzima nakuheshimu kama baba yangu, nakubebea ngoma, nakununulia sambusa za mvuke, na leo umetazama dari!"

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Wewe ndiye mkuu wa sehemu. Ungeinua tu hicho kichuma chako ningekufuata."

"Ningeinuaje?" Tu alifuta uso kwa leso. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Pei-shan akaduwaa, vijiti vya kulia viko hewani.

"Sihesabu kwa tumbo," Tu akasema, sauti chini. "Sihesabu kwa chochote. Mwaka wangu wa kwanza nilihesabu, kama wewe, kama watu wote. Siku moja nilipiga nikiwa na homa, kichwa kimejaa moto, na mwenzangu Kuo akaniambia, wewe pumzika, nitakuhesabia, nikikugusa kiwiko upige. Nikapumzika. Na pale nikausikia ule muziki, binti yangu. Kwa mara ya kwanza! Nilikuwa nimeupiga mara saba kabla ya hapo. Nilikuwa sijawahi kuusikia."

"Halafu?"

"Halafu sikurudi tena. Tukaelewana na Kuo: yeye anahesabu, mimi nambebea zile ngoma kubwa ngazini. Miaka thelathini. Mwaka jana kastaafu, kaenda kwa mwanawe mjini Taitung. Nikajiambia: Tu, sasa umekwisha, utaumbuka uzeeni. Mara ukaja wewe na vidole vyako vinavyobonyeza paja wazi wazi. Nilikwenda hekaluni kuchoma ubani siku ileile."

Pei-shan hakujua acheke au amwagie maziwa ya papai kichwani. Miezi minane alikuwa akimchungulia huyu mtu ajue anahesabuje, kumbe huyu mtu alikuwa akimchungulia yeye. Alianza kucheka bila kutaka, akacheka mpaka mwenye kibanda akageuka.

"Cheka," Tu alisema. "Kesho nitawaambia wale wengine kosa ni langu. Lakini na mimi nikuulize. Simfonia hii umeipiga mara ngapi?"

"Mara kumi na tisa. Miji kumi na minne."

"Niimbie pale selo zinapoingia, sehemu ya pili."

Pei-shan akafungua mdomo. Akangoja. Alijua selo zinaingia hatua ya themanini na tisa. Alijua tarumbeta zinanyamaza mia na moja. Alijua mia na arobaini waongozaji wengi huongeza mwendo kidogo. Wimbo wenyewe, hapana. Alitafuta kichwani kama mtu anayepekua kabati lake mwenyewe, akakuta namba zimepangwa vizuri, safu kwa safu, na hakuna kingine.

"Nimeusikiliza hata kwenye rekodi," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mara nyingi sana."

"Mkono wako ulikuwa wapi ukisikiliza?"

Mkono ulikuwa pajani. Daima ulikuwa pajani. Wakati huo gari la taka, ambalo huko huwaita watu kwa wimbo wa kinanda walete taka zao, likaingia mtaani likilia, na mwenye kibanda akaacha sufuria akakimbia nje na mifuko miwili. Mlango kwa mlango watu wakatoka mbio, vizee kwa vijana, kila mtu na takataka zake.

"Ona hao," Tu akasema. "Kila siku wanapigiwa kinanda. Mwulize mmoja wimbo unaendaje, atakwambia mfuko wa bluu ni wa plastiki."

Pei-shan hakucheka tena. Kitu kilimuuma kifuani, na hakikuwa kura. Nchi ishirini na moja! Alikuwa kama mpishi aliyepika harusi za watu miaka kumi na minne asionje hata mchuzi.

"Kesho nitahesabu mimi," Tu akasema ghafla. "Wewe sikiliza."

"Wewe? Hujahesabu tangu mimi niko shule ya msingi!"

"Namba hazijabadilika. Moja bado inafuatwa na mbili. Nakuapia, Pei-shan. Nitahesabu kwa vidole, utaviona, nikifika nitakupa ishara."

"Mwalimu, kesho ni kiti changu."

"Ndiyo maana nakulipa kesho, si siku nyingine."

Akakubali. Alikubali kwa mdomo, maana mzee alikuwa na machozi ya kweli machoni, lakini moyoni alijisemea, thubutu! Kesho nitahesabu mwenyewe kwa vidole vya miguu, ndani ya viatu, na hakuna atakayejua.

Jumapili saa nane na nusu mchana jumba lilijaa. Mvua ya mwezi wa tano ilikuwa inapiga paa, watu wameingia na miavuli inayovuja. Sehemu ya kwanza ikapita. Ya pili ikaanza, polepole, na Mwalimu Tu akaweka mkono wake gotini mahali pa wazi, akaanza kukunja vidole kwa heshima kubwa. Pei-shan akaanza kukunja vya miguu. Walikwenda sawa. Ishirini, sawa. Sitini, sawa. Themanini na nane.

Selo zikaingia.

Kosa alilofanya lilikuwa dogo sana. Alijiambia, nisikie mstari huu mmoja tu, nijue ulivyo, halafu nirudi. Ulikuwa wimbo mfupi unaopanda ngazi tatu, ukifika ya nne unasita, unashuka tena, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini. Kumbe ndivyo! Pei-shan alitaka kucheka. Ukapanda tena, ukasita palepale. Tarumbeta moja ikaujibu kutoka mbali, nayo ikashindwa ngazi ileile. Halafu filimbi. Kwa nini haufiki? Alijikuta anauliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi: halafu? Halafu nini? Fidla zikauchukua wimbo, zikaubadilisha nguo, bado haufiki. Hakujua kwamba dunia ina kitu kizuri namna hii na kwamba alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwake mara kumi na tisa, akihesabu.

Alipokumbuka vidole vya miguu, vilikuwa vimelala. Alikuwa amepotea. Mia na kumi? Mia na arobaini? Hakuwa na habari. Bado Tu, alijiambia, Tu anahesabu, akageuza macho haraka.

Mkono wa Mwalimu Tu ulikuwa gotini. Vidole vitatu vimekunjwa, viwili vimesimama, na havikusogea. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Mashavu yamelowa. Mzee amezama, amekwenda, hayupo!

Ee Mungu wa bahari. Nyuma pale walikuwa watu wawili na hakuna hata mmoja anayehesabu. Bi Fan amekaa mbele, mgongo wima, anasikiliza. Bwana Maeng mikono yake yote iko kwa fidla. Pei-shan aliinuka na matoazi, kwa sababu kukaa kulimtisha zaidi. Angeweza kumgusa Tu kwa mguu, lakini Tu angemwambia nini? Naye hana namba. Hakuna mtu mahali popote aliyekuwa na namba. Kilichobaki kilikuwa ule wimbo wenyewe, basi akaushika kama anavyoshika kamba mtu aliyetumbukia.

Ukapanda: moja, mbili, tatu, ukasita. Si sasa. Ukapanda na tarumbeta zote: moja, mbili, tatu, ukasita, sauti imekuwa kubwa mpaka sakafu inatikisika, na mtu mwingine yeyote angepiga hapo. Si sasa, alijua si sasa, hata mikono yake ilijua. Ukashuka. Ukavuta pumzi. Ukapanda mara ya mwisho, moja, mbili, tatu, na safari hii haukusita, ukakanyaga ngazi ya nne, na Pei-shan akafungua mikono akapiga.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mshindo ule uliingia mpaka kwenye mifupa ya watu. Tu alifumbua macho akapiga chuma chake nyuma yake, kwa kuchelewa kidogo kama unywele. Pei-shan akabaki amesimama, matoazi yamefunguliwa kuelekea watu, yanalia na kulia. Alingoja vichwa vigeuke. Havikugeuka.

Kura ilipigwa chumba cha mazoezi. Pei-shan alingoja ujiani, ameketi juu ya sanduku la ngoma, bado na nguo nyeusi za jukwaani. Alisikia sauti ya Tu ndani, ndefu, ikikatika, kisha kelele, mtu alisema, "Miaka thelathini na moja!" na mwingine akacheka kwa kupayuka. Halafu mlango ukafunguliwa, akatoka Bi Fan na karatasi isiyoandikwa kitu na kalamu.

"Mwalimu Tu amejivua nguo mbele yetu," alisema. "La jana tumelijua. Nauliza la leo. Anasema alikuahidi kuhesabu akashindwa. Kwa hiyo leo alihesabu nani? Wewe?"

Neno moja lilitosha. Ndiyo, na kiti ni chake, na nani angebisha? Pei-shan alilitazama lile neno lilivyokaa karibu.

"Hapana," alisema. "Nilianza, nikapotea. Hakuna aliyehesabu."

Bi Fan akashusha kalamu.

"Mlibahatisha. Mbele ya watu elfu mbili."

"Hatukubahatisha. Nilijua."

"Ulijuaje, kama hukuhesabu?"

"Ule wimbo ulikuwa haujafika bado. Kila mara ulikuwa unasita. Ulipoacha kusita, nikapiga." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa na hakuyafuta. "Wiki ijayo nitahesabu, Mwalimu Fan, na wiki zote baada ya hapo, hiyo ni kazi na naijua. Ukininyima kura hutakuwa umenionea. Lakini siwezi kukwambia nilihesabu."

Bi Fan aligeuza kalamu vidoleni. Kutoka ndani mtu aliita, "Mwalimu Fan, tunakungoja wewe tu!"

"Viola pale tuna noti mbili," alisema, kama anayesema na ukuta. "Mbili! Tunazisugua haraka haraka, zilezile, hatua sitini, ukipepesa macho umepotea. Miaka ishirini na miwili nasugua noti mbili." Akamtazama Pei-shan, na uso wake mkavu ulikuwa na kitu kama cha msichana mdogo aliyefungiwa nje ya sherehe. "Huo wimbo... unaendaje?"

Pei-shan akamwimbia. Sauti yake haikuwa nzuri na ilikuwa na kamasi, lakini aliimba: ngazi tatu, ukasita. Bi Fan aliweka karatasi ukutani, akaandika *ndiyo* bila kutazama, sikio limeinamia upande wa Pei-shan, akaikunja, akaupenyeza mkono mlangoni akampa aliyekuwa karibu, akaufunga mlango kwa kisigino. Ndani sauti ya Tu ilipaa, "Tano!" na watu wakaanza kupiga makofi.

Pei-shan akaacha kuimba, mkono mdomoni.

"Waache hao," Bi Fan alisema, akamshika mkono wa nguo akaketi naye juu ya sanduku. "Ukasita. Halafu?"